Kusafisha na kufufua bodi za ampli za valvu za zamani (mfano wetu Dynaco ST-70): maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ampli za valvu (vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani) ziko kibao, kwa nini unashikilia Dynaco ST-70?

Kwa sababu ukiielewa hii moja zingine hazikusumbui sana. Ilitoka Marekani mwaka 1959, kazi ya David Hafler na Ed Laurent, ikauzwa kwa wingi kama kiti, yaani unanunua boksi la vipande unaenda kujiunganishia mwenyewe nyumbani. Wati 35 kila upande, valvu za EL34 nne, GZ34 moja ya kugeuza umeme wa AC kuwa DC, na 7199 mbili za kusukuma zile EL34. Waya nyingi zimeungwa kwa mkono chini ya chesisi ila sehemu ya kusukuma imekaa kwenye bodi moja inayoitwa PC-3, na hiyo bodi ndo kichwa cha habari yetu. Ukikutana na prea (ampli ndogo ya kutangulia) ya PAS ya kampuni hiyo hiyo, au redio za Ujerumani za mwisho wa miaka ya 1950 zilizoanza kuwekwa bodi, utaona mambo ni yaleyale, rangi ya kahawia ileile na magonjwa yaleyale.

Hiyo bodi ya kahawia imetengenezwa na nini?

Karatasi. Kweli kabisa, ni karatasi zilizoloweshwa gundi ya fenoli zikagandamizwa kwa joto, juu yake ikabandikwa shaba nyembamba upande mmoja tu. Sio ile ya kijani ya siku hizi ambayo ndani ina nyuzi za kioo. Sasa hapo shika mambo matatu maana kila kitu huko chini kinatokana nayo: inanyonya unyevu, gundi inayoshikilia shaba inachoka ikipata joto jingi, na ikiungua inageuka mkaa, na mkaa unapitisha umeme.

Nimeipata kwa mtu, imekaa stoo miaka. Niichomeke kwanza nione kama inaongea?

Usithubutu. Kapasita kubwa ikishalala miaka hivo inaweza kuvuja au ikapiga shoti kabisa, ikienda inabeba na GZ34, na siku mbaya inabeba na transfoma ya umeme ambayo ndo kitu ghali kuliko vyote humo ndani. Fungua, angalia, safisha, pima, halafu ndo tuongee habari ya kuwasha.

Na kabla hujatia mkono ndani: humu kuna volti zaidi ya 400 za DC. Ampli ikiwa nzima, ukiizima valvu zikiwa bado za moto zenyewe hunyonya kile chaji kilichobaki, ila kama valvu zimetolewa au zimekufa kapasita inaweza kubaki na mzigo wake imekusubiri. Chomoa plagi kwenye ukuta (kuzima swichi haitoshi), chukua rezista ya kilo-omu 10 ya wati 5 iliyoungwa waya zenye vibanio na kuvikwa insuleta vizuri, banisha mguu mmoja kwenye chesisi mwingine gusisha kila terminali ya ile kapasita kubwa yenye umbo la kopo, hesabu sekunde kadhaa, halafu pima kwa mita mpaka uone volti ziko karibu na sifuri. Habari za kupiga shoti na bisibisi achana nazo. Cheche zinatisha na zinaumiza kapasita, na huna uhakika kama imeisha kweli. Mkono mmoja mfukoni, na kama bado wewe ni mgeni wa mambo haya usifanye peke yako nyumbani.

Nisafishe na nini?

Anza kavu. Hapa watu wengi wanaruka, wanamwagia spiriti juu ya vumbi, vumbi linakuwa tope, tope linaingia chini ya soketi na halitoki tena. Chukua brashi laini ya kupakia rangi, pampu ya upepo ya mkono au blowa kwa mbali, piga picha kwanza pande zote ili waya ikichomoka ujue ilikuwa wapi, halafu toa vumbi lote unaloweza ukiwa umevaa barakoa.

Baada ya hapo aisopropili ya asilimia 99 (hiyo ndo spiriti ninayoisema humu), sio ile ya dukani ya asilimia 70 ambayo ina maji mengi na bodi ya karatasi haiyapendi. Mswaki wa zamani mlaini, chovya kidogo, sugua eneo dogo, kausha na kitambaa kisichoacha nyuzi kabla haijakauka yenyewe, maana ikikauka yenyewe uchafu unarudi palepale ulipokuwa. Fanya kipande kwa kipande. Ule utando wa njano unaonata, huo mara nyingi ni moshi wa sigara wa sebuleni miaka na miaka, unatoka ila unataka subira na vitambaa vingi.

Ule uchafu kama asali iliyoganda kuzunguka viungio vya risasi ya kulehemu ni fluksi (dawa ya kulehemea) ya zamani, kama ni ngumu na kavu wala haina madhara makubwa, ila mi huwa naitoa kwa sababu chini yake ndo kunajificha viungio vilivyopasuka.

Petroli, tina ya rangi, asetoni: hapana. Zinakula rangi, zinakula maandishi, nyingine zinakula plastiki ya soketi na maganda ya kapasita. Na zile spreyi za kulainisha kufuli na bawaba sio dawa ya umeme, zinaacha mafuta yanayokusanya vumbi upya.

Mbona nimeona watu wanaosha bodi kwa maji na sabuni kabisa?

Kwa bodi za nyuzi za kioo zilizovuliwa vifaa inawezekana. Kwa hii ya karatasi mi nasema iwe hatua ya mwisho, kama kuna kitu ambacho spiriti haikitoi, mfano mkojo wa panya au chumvi, maana hivyo vinayeyuka kwenye maji kuliko kwenye spiriti. Na hata hapo usiloweke. Kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, pangusa, pangusa tena kwa maji yaliyochujwa (yale ya betri ya gari yanayouzwa petrol stesheni, hakikisha ni maji matupu sio asidi!), halafu spiriti ya kufukuza maji, halafu ikae mahali pa joto la kadiri siku nzima au mbili kabla ya umeme. Transfoma zisiguswe na maji hata kidogo.

Nakaa Mombasa, ndani kumejaa kijani kijani na mende. Imekufa?

Haijafa. Pwani yote, Tanga, Dar, Unguja, upepo wa bahari unabeba chumvi na shaba ikiipata pamoja na unyevu inaota ukungu wa kijani. Kijani juu juu kinatoka kwa mswaki na spiriti, kikiwa kigumu tumia kalamu ya nyuzi za kioo au kifutio kigumu cha wino, sugua taratibu mpaka shaba ing'ae, halafu ipake risasi nyembamba juu ili isiote tena. Msasa usitumie, ile shaba ni nyembamba mno.

Mende wanapenda ampli kwa sababu ya joto, na kinyesi chao kinashika unyevu kikaanza kupitisha umeme kati ya njia mbili zenye tofauti ya volti mia kadhaa. Ndo hapo unasikia spika zinatoa mikwaruzo mvua ikinyesha, halafu jua likitoka zinanyamaza, mtu anabadilisha valvu wee mpaka hela inaisha kumbe ni choo cha mende tu. Angalia hasa chini ya soketi za 7199. Kinyesi cha panya usifagie kikavu, kiloweshe kwanza ndo ufute, na glavu vaa.

Kwenye chesisi za zamani ukikuta unga mweupe au wa njano juu ya chuma usipige msasa, baadhi ya chesisi za enzi hizo zilipakwa kadmiamu na vumbi lake ni sumu. Futa kwa kitambaa kibichi, kitupe.

Kuna sehemu bodi imeungua imekuwa nyeusi. Nipake tu rangi?

Swali hili nalipenda kwa sababu jibu lake ndo linatenganisha ampli itakayokaa na ile itakayorudi mezani baada ya mwezi.

Kwanza tofautisha. Kahawia iliyokolea kuzunguka soketi za 7199 na chini ya rezista kubwa ni ya kawaida, ni miaka sitini ya joto, kama uso bado mgumu na unang'aa kidogo iache. Tatizo ni pale ambapo imekuwa nyeusi tii, imevimba, ukikwangua na ncha ya kisu inatoka unga kama masizi. Huo ni mkaa na ni njia ya umeme ambayo haipo kwenye mchoro. Mita yako ya kawaida inaweza isikuonyeshe kitu, maana inapima kwa volti chache tu, halafu ukiweka volti 300 mkaa unaamka, unapata ngurumo, unapata mikwaruzo, au gridi ya EL34 (waya wa ndani unaodhibiti mkondo) inapoteza bayasi yake, yaani zile volti hasi za kuituliza valvu, na pleti (bati la ndani) inawaka nyekundu.

Rangi haisaidii, ni kama kutandika mkeka juu ya shimo. Mkaa lazima utoke. Chukua kisu kidogo chenye makali au ncha ya drili ndogo ya kushika mkononi, kwangua mpaka ukute karatasi ya kahawia ngumu isiyoacha weusi kwenye pamba yenye spiriti, hata kama inabidi utoboe tundu tokea huku mpaka kule, ni sawa. Tundu halipitishi umeme, mkaa unapitisha. Pangusa, kausha, halafu jaza kwa epoksi ile ya sehemu mbili, ya kawaida, isiwe ile yenye unga wa chuma ndani. Ikikauka unatoboa upya matundu ya miguu. Rezista iliyosababisha kuungua ukiirudisha inyanyue milimita kadhaa juu ya bodi ipate hewa, na weka yenye wati kubwa zaidi ya ya mwanzo.

Nimeanza kutoa kapasita, ile pedi ya shaba ikatoka nayo. Nifanyeje?

Poa, inatokea kwa bodi hizi kila siku, ile gundi ya shaba imeshazeeka. Usiigandishe na gundi ya haraka. Kata kipande kilichoning'inia, kwangua njia ya shaba inayofuata mpaka ing'ae, halafu mguu wa kifaa kipya uulaze juu ya njia hiyo uuchomelee hapo, ama tumia kiwaya cha shaba chembamba mpaka kiungio kinachofuata. Haipendezi kwa macho lakini iko upande wa chini, hakuna atakayeiona.

Kuzuia isitokee tena ni suala la joto na muda. Chuma cha kulehemu chenye kidhibiti, nyuzi 320 hivi, ncha pana kidogo na safi, gusa sekunde mbili tatu, ondoa. Kile chuma cha bei rahisi chenye ncha nyembamba ndo kinaua bodi, maana hakina nguvu, unakishikilia sekunde kumi na tano risasi haiyeyuki huku gundi ya shaba inaiva. Ukiona risasi ya zamani inagoma ongeza mpya kidogo juu yake pamoja na fluksi, ndo unyonye kwa pampu au kwa utepe wa shaba. Na kama kifaa unakitupa hata hivyo, kikate miguu kwanza kwa juu, halafu toa mguu mmoja mmoja. Usivute kitu kizima.

Risasi tumia ile ya 60/40 au 63/37 yenye madini ya risasi kweli, ya pili inayeyuka nyuzi 183, zile za kisasa zisizo na madini hayo zinataka zaidi ya 217 na hizo nyuzi za ziada bodi ya karatasi inazilipa. Fungua dirisha, nawa mikono kabla ya kula.

Nibadilishe kapasita zote?

Sio zote. Zile nne za 0.1 maikrofaradi zinazotoka kwenye 7199 kwenda gridi za EL34, mbili kila upande, hizo badilisha bila kuuliza, weka za filamu za volti 630. Kazi yake ni kuzuia DC isipite, zikianza kuvuja hata kidogo zinasukuma gridi kuelekea chanya na valvu ya bei mbaya inajichoma. Za bayasi badilisha, ni ndogo, bei yake chai na chapati, na uangalie upande wa chanya maana kwenye bayasi chanya ndo inaenda chesisi, watu wengi huziweka kinyume.

Kapasita ya kopo, ile yenye sehemu nne za 30, 20, 20 na 20 kwa volti 525, ipime, ikiwa inavuja au imevimba au inapata joto, mpya zinatengenezwa za umbo lilelile. Tamaa ya kuweka kubwa sana sehemu ya kwanza iache, GZ34 mwisho wake ni maikrofaradi 60 kwenye kapasita ya kwanza, ukizidisha hapo unaila valvu kila unapowasha.

Zile ndogo za kauri na mika wala usihangaike nazo, mara nyingi ziko fiti kuliko sisi.

Na rezista?

Za kaboni za enzi hizo hupanda thamani zikizeeka, hivyo chomoa mguu mmoja upime, ikizidi asilimia 10 ya kilichoandikwa toa. Muhimu ni zile za pande mbili zifanane, yaani kushoto na kulia, maana zikitofautiana sana muziki unaegemea upande mmoja na utalaumu spika bure.

Kile kidude chenye mabati mabati kama radieta ni nini?

Rektifaya ya seleniamu, inatengeneza volti hasi za bayasi. Itoe uweke diodi ya silikoni 1N4007, angalia mwelekeo. Seleniamu ikichoka bayasi inapungua, EL34 zinakunywa mkondo kupita kiasi, na ikiungua inatoa moshi wenye sumu na harufu mbaya ambayo ukiisikia mara moja huisahau. Silikoni inatoa volti zaidi kidogo hivyo hakikisha bado unaweza kurekebisha bayasi vizuri.

Soketi za valvu zimelegea, valvu inacheza.

Umeme ukiwa umechomolewa, tumia sindano nene kubana majani ya kila tundu kidogo. Dawa ya kusafishia viungio chovya kwenye pini ya valvu, ingiza na kutoa mara kadhaa, inatosha, usimwagie ndani ikatiririka kwenye bodi. Valvu itoe kwa kuvuta wima, maana ukiitikisa huku na huku viungio vya soketi chini ya bodi vinapasuka mduara mwembamba kama nywele, huuoni mpaka uweke taa kwa pembeni. Viungio vya soketi za bodi mi huvichomelea upya vyote hata vikionekana vizima.

Naweza kupangusa valvu zenyewe?

Kioo ndiyo, kwa kitambaa kikavu. Maandishi usiyaguse kabisa, yanafutika hata kwa kidole, na valvu isiyo na jina hakuna atakayeinunua kwa bei yake.

Si ninunue tu bodi mpya nimalize?

Zipo, na nyingine ni nzuri sana, kuna zinazotumia 12AT7 tatu badala ya 7199 ambayo haipatikani kirahisi. Kama bodi yako imeungua nusu nzima, nunua, hakuna aibu. Ila kama imeungua sehemu mbili tu, naona ni haraka ya bure, maana unalipa na usafiri na ushuru kwa kitu ambacho kisu na epoksi vingekimaliza jioni moja, na mwenye kuja kununua ampli siku moja anauliza PC-3 ya kwanza iko wapi. Kama tatizo ni 7199 peke yake, kuna adapta za kuchomekea 6GH8A, usiichomeke moja kwa moja maana pini zimepangwa tofauti. Ukibadilisha bodi, ile ya zamani iweke kwenye mfuko mkavu pamoja na ampli.

Nimemaliza. Nawashaje mara ya kwanza?

Funga balbu ya zamani ya waya, wati 100, mfululizo na umeme unaoingia. LED haifai kwa kazi hii. Kwanza bila valvu yoyote: balbu iwake kidogo halafu ififie. Ikibaki inawaka sana kuna shoti, zima. Ikififia, weka mita kwenye pini namba 5 ya kila soketi ya EL34, unatakiwa uone volti hasi na zibadilike ukizungusha kidhibiti cha bayasi. Usipoziona usiweke EL34, simama hapohapo utafute. Zikiwepo, zungusha mpaka mwisho wa hasi zaidi, halafu ndo uweke valvu, uunge spika au rezista ya mzigo kwenye kutokea, maana ampli ya valvu haiendeshwi bila mzigo.

Bayasi niweke ngapi?

Kiwandani walisema volti 1.56 juu ya rezista ya omu 15.6 inayotumiwa na EL34 mbili, yaani miliampea 100 kwa jozi, 50 kwa kila moja. Betri kavu mpya ya tochi inatoa karibu volti hizohizo kwa hiyo unaweza kuangalia mita yako nayo. Kwa valvu za siku hizi naona 50 ni nyingi, kwa volti 415 hivi valvu inapika karibu wati 21 na kikomo chake ni 25, mi ningeshusha mpaka 40, mita isome kama 1.25. Masikio hayatagundua.

Hii ni ya volti 120 na huku kwetu ni 230 au 240, nitumie stepdauni (transfoma ya kushusha volti)?

Ndiyo, ya wati 500 walau, ya transfoma ya kweli yenye uzito wake, vile vidude vyepesi vya kuchomeka ukutani vya kubadilisha umeme wa pasi za nywele usiviamini. Ila stepdauni haibadilishi hezi (mizunguko ya umeme kwa sekunde): ampli ikiwa imeandikwa 60 tu na huku ni 50, transfoma yake itapata joto zaidi ya kawaida hata kama volti ziko sawa. Iguse baada ya nusu saa, na baada ya saa. Ikiwa huwezi kuacha kiganja juu yake, shusha volti za kuingilia mpaka 110 hivi, na kama bado inachemka tafuta mtu wa kukusukia transfoma ya 50, hizo za kutokea kwenda spika zibaki zilezile.